Si mbweha, Mhariri, ni popo

Mhariri,

Jumamosi iliyopita nilikuwa uani nachambua mrenda, mjukuu wangu wa Gredi ya 6 akinisomea gazeti lako kwa sauti. Tulikuwa kwenye makala ya likizo za visiwani. Alisoma vizuri mpaka akafika Pemba, akanyamaza, akaurudia mstari kimoyomoyo, kisha akaniuliza: "Kukhu, mbweha wa Pemba wanaruka ua kama mbwa wa jirani, ama wanaruka angani kama kunguru?"

Nikamwomba gazeti nijionee. Kweli mliandika "mbweha warukao".

Nilicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha mkosaji. Mwezi wa tano mimi pia nilifanya kosa hilo hilo, tena kwa simu, tena mbele ya Mpemba mwenyewe. Ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Tangu nistaafu nimekuwa nikiipanga safari ya Pemba. Siendi kuota jua, jua tunalo Shinyalu. Naenda kuona msitu. Nilifundisha miaka 27 katika shule ambayo mtoto akitoka darasani akatembea dakika tano yuko ndani ya msitu wa Kakamega, na kwa muda mrefu nilisimamia chama cha wanafunzi wapenda mazingira. Watoto wale walijua kutofautisha mukomari na mutere kabla hawajajua saba mara nane. Basi niliposikia kuna kisiwa ambako miti mirefu kama yetu inashuka mpaka karibu na mchanga wa bahari, nikasema pesa za chama chetu cha akiba zikigawanywa Desemba, zangu zinakwenda huko. Msitu wenyewe ni Ngezi, kaskazini magharibi mwa Pemba, ukishapita Konde kuelekea Ras Kigomasha. Una zaidi ya hekta 1,400. Upande mmoja kuna ufuo wa Verani na upande wa pili ufuo wa Vumawimbi. Hebu litamke jina hilo polepole, Vumawimbi, uone kama bado unahitaji picha.

Nambari ya kijana anayetembeza wageni msituni nilipewa na mwalimu mwenzangu aliyeolewa pwani. Nikapiga. Akapokea: "Shikamoo mama." Nilibabaika. Wajukuu wangu huniambia "niaje", na wakiwa na adabu sana "habari". Ilinichukua muda kukumbuka kuitikia marahaba. Tukajuliana hali, akaniuliza mvua za huku, nikamwuliza karafuu za kule. Halafu, nikitaka aone kwamba nimejisomea, nikamwuliza kama mwezi wa kumi na mbili tutawaona mbweha warukao.

"Mbweha, mama?"

"Wale wakubwa."

"Hapa hatuna mbweha. Tuna ngawa. Ngawa haruki, ila kuku wako atamchukua."

Nikamweleza: manyoya ya rangi ya kutu, mabawa meusi, analala kichwa chini juu ya mti. Kukawa kimya. Kisha akacheka mpaka nikaanza kuhofia salio la simu.

"Popo! Mama, si useme popo."

Ni Kiingereza kilichomtazama mnyama huyu usoni kikaona mbweha, kikamwita "flying fox". Aliyemfasiria mwandishi wenu, kama aliyenifasiria mimi, alichukua jina hilo akaligeuza neno kwa neno, wakati Mswahili alikwisha kumpa jina lake zamani. Na kosa hili lina gharama. Mtu akishuka Chake Chake na gazeti lako mkononi akaulizia mbweha, atazungushwa siku nzima. Akiulizia popo, mtoto yeyote atamwelekeza Kidike, kijiji wanakolala.

Nikukumbushe pia kwamba makala yenu yalimpa popo huyu sentensi moja, na hoteli zikapewa aya nne. Popo wa Pemba akitandaza mabawa yanapita mita moja na nusu. Nilimpima mjukuu wangu kwa futi ya fundi cherehani akiwa amenyoosha mikono, hakufikia. Tofauti na wale wadogo wanaotuchafulia dari, yeye hajielekezi kwa mwangwi wa sauti yake. Ana macho makubwa na pua kali, na huyo anakwenda zake. Chakula chake ni matunda: maembe, mashelisheli, kungu, tini za mwituni. Mbegu huzitema au kuziangusha mbali na mti uliozaa, na hivyo ndivyo msitu unavyopandwa bila jembe. Huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Porini hapatikani kwingine kokote duniani ila kisiwa hicho kimoja, na huku bara la Afrika hana ndugu wa karibu wa ukoo wake. Jamaa zake wako Mafia, Komoro, Madagaska, na kuendelea hivyo mashariki mpaka Asia.

Sababu yake iko chini ya maji, na hili nililipenda kuliko yote niliyosoma. Unguja na Mafia zimekaa kwenye bahari ya kina kifupi. Zamani za barafu, maji mengi ya dunia yalipoganda na bahari ikapungua, visiwa hivyo viliungana na bara, wanyama wakavuka kwa miguu. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui wake. Lakini kati ya Pemba na bara kuna mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Ziwa letu la Viktoria, pamoja na ukubwa wake wote, halifiki hata mita mia moja penye kina zaidi. Bahari ikipungua, Pemba inabaki kisiwa vile vile. Aliyefika huko alifika kwa kuruka, au kwa kuelea juu ya gogo, au kwa kubebwa na binadamu, na akishafika alibadilika kivyake. Kwa hiyo Pemba ina ninga wake, yule njiwa wa kijani, chozi wake, yule ndege mdogo anayefyonza maua, ndege wake mdogo mwenye duara jeupe la jicho, na bundi wake mdogo mwekundu, wote wanne hawapatikani kwingine. Ina hata mnazi-mwitu wake, mpapindi, ambao karibu ndugu zake wote wako Madagaska.

Huyo bundi amezua kesi nyumbani kwangu. Huku kwetu bundi akilia juu ya paa, mtu hatafuti darubini, hutafuta jiwe. Mzee wangu hakuelewa inakuwaje mtu atoe nauli, asafiri karibu kilomita 900 mpaka Mombasa, na bado avuke mpaka na bahari, ili akasimame gizani kumsikiliza bundi akisema "hu" moja, anyamaze, aseme "hu" nyingine. Sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia tu kwamba bundi wetu tumeshawatupia mawe ya kutosha.

Nirudi kwa popo. Wapemba walikuwa wakimla, na sitaki msomaji wa huku ajifanye ameshtuka wakati tunagombania kumbikumbi mvua ikinyesha. Tatizo lilikuwa bunduki, na miti ya msituni kukatwa kwa kasi. Kufikia 1996 popo huyu aliandikwa katika orodha ya dunia ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kilichomwokoa hakikuwa ua wala askari. Vijiji vilivyo na miti ambayo popo hulala viliunda vikundi vya kuilinda, watoto wakafundishwa shuleni, na wageni wakaanza kulipa kiingilio kuwatazama. Miaka kumi na kitu baadaye watafiti walipohesabu walipata zaidi ya 20,000. Kidike ni mmoja wa vijiji hivyo, hapo kaskazini ya Chake Chake. Kijana wangu wa simu alinieleza kwamba tusiende mchana tukaona matunda meusi yananing'inia tukaondoka tukidhani tumeona. Twende alasiri. Wakianza kuamka wanagombania matawi kama abiria wa Mbale wanavyogombania dirisha, wanajipepea kwa bawa moja, wanajilamba. Magharibi ikiingia anaondoka mmoja, wanafuata watatu, kisha huwezi kuhesabu.

Kuna kosa la pili katika makala yenu, nalo litawaudhi watu waliotoa pesa zao. Mliahidi kima punju msituni Ngezi. Kima punju, yule mwekundu mgongoni mwenye nywele nyeupe zilizosimama usoni, ni wa Unguja. Wachache walihamishiwa Ngezi miaka ya 1970, na kuwaona ni bahati nasibu. Anayewataka aende Jozani, ambako ni hifadhi ya taifa tangu 2004 na kima hawamkimbii mtu. Ngezi utaona tumbili, ukiwa mtulivu utaona paa, na usiku utasikia komba na pelele wakipiga kelele ambazo mgeni hudhani ni ugomvi wa watu.

Sasa nikuambie habari ya wakala, kwa sababu najua si mimi peke yangu. Mwezi wa sita niliingia ofisi moja ya safari mjini Kisumu, nikaeleza ninachotaka: watu wanne, Pemba, msitu, popo, siku sita. Msichana akaandika yote, akanipa chai. Nikaacha arubuni ya shilingi 10,000. Baada ya wiki mbili nikaletewa mpango wa kurasa tatu wenye picha: Unguja, hoteli yenye bwawa la kuogelea, safari ya kuwatazama pomboo, chakula cha jioni ufuoni, na bei yote imeandikwa kwa dola. Nikauliza Pemba iko wapi. Akaniambia, "Mama, si ni Zanzibar tu? Na huko Pemba hakuna kitu." Huyo ni mtu anayeuza safari. Mpaka leo nimerudishiwa 6,000. Zile 4,000 eti zilikuwa za "maandalizi", na mimi najiuliza walinifanyia maandalizi gani zaidi ya ile chai.

Kwa hivyo tumeamua kujipangia wenyewe, na hapa ndipo nilipotazamia gazeti langu linisaidie, lisinisaidie. Makala yenu yanaanzia uwanja wa ndege wa Nairobi. Sisi tunaanzia stendi ya Kakamega usiku. Asubuhi tuko Nairobi, tunakwenda Syokimau kupanda treni ya SGR, jioni tuko Mombasa. Tunalala. Kesho yake gari la Lungalunga, tunavuka kwenda Horohoro, tunaingia Tanga. Kutoka Tanga kuna siku za boti ya kuvuka moja kwa moja, na kuna siku hakuna, kwa hiyo kabla ya kununua tiketi ya basi piga simu uhakikishe siku. Ikishindikana unateremka mpaka Dar es Salaam, unavuka Unguja kwa muda wa saa mbili hivi, na kutoka Unguja unachagua: boti mpaka Mkoani, au ndege ndogo mpaka Chake Chake, nusu saa tu. Kutoka Chake unapanda daladala ya Konde kama unavyopanda matatu ya Khayega.

Mzee wangu hataki boti ndefu, wala simlaumu. Mwezi Mei 1996 alikuwa Mwanza kwa kazi ya ujenzi meli ya MV Bukoba ilipozama ziwani, akaona majeneza yakipangwa uwanjani. Na anajua habari ya Septemba 2011, meli ya Spice Islander iliyojaa kupita kiasi ilipozama kati ya Unguja na Pemba. Tukaelewana hivi: kutoka Dar mpaka Unguja boti ya mchana, tukiona watu wamezidi tunashuka na tiketi zetu, kutoka Unguja mpaka Pemba ni ndege, hata kama itabidi niuze ndume mmoja.

Kusema kweli hakukubali kwa sababu ya popo wala msitu. Alikubali nilipomwambia Pemba kuna mchezo wa ng'ombe. Yeye ni Mwisukha kamili, Jumamosi ya fahali kupigana Khayega hakosi hata kukiwa na matanga ya jirani. Nikamweleza kwamba kule Chwale na Kengeja, fahali hapiganishwi na fahali mwenzake. Anaingia mtu na kitambaa, anacheza naye, huku zumari zinalia na wanawake wanaimba, na wanasema mchezo huo uliachwa na Wareno. Fahali hauawi. Mzee alitafakari kisha akauliza swali moja tu: "Na huyo mtu, yeye huuawa?" Siku iliyofuata alikuwa kwenye foleni ya kupiga picha ya pasipoti.

Mambo mengine madogo ambayo makala yenu hayakuyagusa. Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, lakini anahitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kile kijitabu cha manjano. Msingoje kukitafuta Lungalunga mpakani. Tuliwaza kwenda Agosti shule zikifungwa, kijana akatukataza: ni msimu wa kusi, bahari inachafuka. Desemba upepo unageuka kaskazi na vuli inaelekea kuisha. Nguo nazo: Pemba ni watu wa dini, mama mwenye leso mbili kifuani na kichwani atapokewa vizuri kuliko mwenye kaptura, na hilo halihitaji mahubiri, hata mimi mgeni akija kanisani kwetu na kaptura nitamwangalia.

Na malaria. Kila mtu huku aliniambia nibebe dawa, nisije nikaugua visiwani. Ni kinyume chake. Zanzibar wamepambana na malaria miaka mingi mpaka wameipunguza sana, na sisi wa huku upande wa ziwa ndio tunaoishi nayo. Wiki moja kabla ya kuondoka tutapimwa sote wanne kwenye zahanati, tusiwapelekee zawadi hiyo.

Ninachokuomba, Mhariri, ni hiki. Mkiandika tena kuhusu visiwa hivi, mpigieni simu mtu wa huko. Ni watu tunaoelewana nao bila mkalimani. Tena wenzao wanaoishi pwani yetu walitambuliwa rasmi kuwa raia wa Kenya mwaka 2023, hata Kilifi mtawapata. Mzungu anayekwenda Ngezi hana budi kutumia jina alilopewa na kitabu chake. Sisi tunaweza kuuliza "huu ni mti gani?" tukajibiwa mtondoo, mtomondo, mvule, na jibu likaja na hadithi ya nani alichonga mtumbwi wa mti gani. Mjukuu wangu ameshafungua daftari. Ukurasa wa kwanza ameuandikia "Wanyama wa Pemba", akachora mstari katikati: upande wa kushoto majina kama wanavyosema Pemba, upande wa kulia kama tunavyosema hapa nyumbani. Kwenye mstari wa popo aliandika kwanza mbweha, kwa kalamu. Akaikata mara mbili, mpaka karatasi ikatoboka.

Najua barua yangu imekuwa ndefu na utataka kuipunguza. Ondoa habari za wakala, zile 4,000 nimeshazisamehe. Za popo ziache.

Mwalimu mstaafu,
Shinyalu, Kakamega